Namna ya kumaliza ubishi wa matamshi ya Kiingereza bila kununiana

Darasani kwangu ubishi unaoushinda hata wa Simba na Yanga ni wa pundamilia. Nafundisha Kiingereza vijana wanaosomea kuongoza watalii hapa Arusha, na haupiti muhula bila wawili kukunjiana ngumi. Mmoja anasema "zebra" ni ZE-bra. Mwenzake anaapa ni ZII-bra, maana amemsikia mgeni kwa masikio yake mwenyewe, tena mgeni aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Kisha wote wananigeukia: "Madam, nani kapatia?"

Wote wamepatia. Mwingereza kwa kawaida husema ZE-bra, Mmarekani husema ZII-bra, na kwenye gari moja la safari unaweza kuwabeba wote wawili wakabishana kuanzia geti la Naabi mpaka Seronera. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya yule atakayekaa kwenye usukani mbele yao akaombwa awe mwamuzi. Ni pia kwa yeyote ambaye ofisini, kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp amechoka kuona watu wakichekwa kwa sababu ya kimombo.

Jua kwanza ni ubishi wa aina gani

Usikimbilie kujibu. Ubishi wa matamshi uko wa namna tatu, na kila namna ina hakimu wake.

Upo ule ambao pande zote mbili ziko sawa, wanachotofautiana ni kwao tu. Huu ndio mwingi kuliko watu wanavyodhani. "Schedule" London huanza kwa sh, New York huanza kwa sk. "Either" ina watu wa II-dha na watu wa AI-dha, pengine ndani ya nyumba moja. Herufi ya mwisho ya alfabeti ni "zed" Uingereza, "zii" Marekani. "Often" wengine huitamka t yake, wengine huimeza kama wanavyoimeza kwenye "listen" na "castle", na kamusi kubwa zimeyaandika matamshi yote mawili. Mtu akikuuliza lipi sahihi, nawe muulize: sahihi wapi?

Upo ule ambao mmoja amekosea kwelikweli, kama yule anayeitamka b ya "debt". Hapo hakimu ni kamusi.

Na upo ubishi wa majina ya watu na ya mahali. Huko kamusi hukaa pembeni, wenyeji ndio wanaoamua.

Jambo moja lishike kabla hujaanza kuamua chochote: Kiingereza hakina BAKITA. Sisi tangu 1967 tuna baraza la kwenda kuuliza. Wafaransa wana akademia yao tangu 1635. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo chenye mamlaka kama hayo. BBC walijaribu kidogo: mwaka 1926 waliunda kamati ya kuwashauri watangazaji wao namna ya kutamka maneno yenye utata. Mwenyekiti alikuwa Robert Bridges, mshairi rasmi wa taifa, na alipofariki mwaka 1930 kiti kikachukuliwa na George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia. Walikuwa wasomi wazito, lakini kauli yao iliwahusu watangazaji wa redio tu, na vita ilipoanza mwaka 1939 kamati ikasimamishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "Kiingereza sahihi kinasema hivi", muulize huyo Kiingereza ni nani na anaishi wapi.

Fungua kamusi, usome alama

Wengi wakifungua kamusi hutafuta maana wakaifunga. Wewe rudi nyuma kidogo, kwenye zile alama zinazotisha kati ya mistari miinamo. Kamusi za mtandaoni za Cambridge na Oxford zina vispika viwili, kimoja cha Uingereza na kimoja cha Marekani. Bonyeza vyote viwili kabla hujafungua mdomo kumkosoa mtu. Nimeona mabishano ya nusu saa yakifa kwa mibonyezo hiyo miwili.

Kama huna bando la kusikiliza, alama zenyewe zinatosha. Kistari cha juu, ˈ, hukaa kabla ya silabi inayobeba mkazo, na ndiyo alama ya maana kuliko zote. Nukta mbili, ː, ni amri ya kuvuta irabu. Halafu iko e iliyopinduliwa, ə. Hiyo ndiyo irabu inayosikika zaidi katika Kiingereza kizima, na haina herufi yake. Tazama "banana": ina a tatu, lakini ya katikati tu ndiyo inayotamkwa a, mbili za pembeni zote ni ə. Kiswahili hakina sauti hii, kwa hiyo sisi huzipa a zote tatu haki sawa, na mgeni husikia neno jingine. Kuipata, legeza mdomo, ulimi ulale, usiviringe midomo wala usiitandaze, kisha toa sauti fupi. Mwanafunzi wangu mmoja aliipa jina la sauti ya mtu aliyeshiba, na tangu hapo darasani inaitwa hivyo.

Kamusi ya Merriam-Webster, ambayo ni ya Wamarekani, ina alama moja ninayoipenda sana: ile ya kugawanya, ÷. Ukiiona mbele ya tamko, ujue wapo wasomi wanaolitumia, na wapo wengine ambao wakilisikia wanasaga meno. Iko kwenye "nuclear" kwa wale wanaosema NYU-kiu-la, kama marais Eisenhower na George W. Bush walivyosema. Kamusi haikusema ni kosa. Imekuonya tu kwamba utachokozwa.

Yule anayetaka kusoma kila herufi

Huyu ndiye mbishi mgumu kuliko wote, na simlaumu. Kiswahili kimemdekeza. Ukizijua herufi zako unasoma neno lolote, hata kama ni mara ya kwanza kuliona. Ndiyo maana mtoto wa shule ya msingi akikutana na "name" husoma NA-me, wenzake wakaangua kicheko. Wanaocheka hawajui kwamba Waingereza wa miaka ya 1300 walisoma karibu vilevile. "Time" ilikuwa TI-me. "Knight" ilitamkwa na k yake mbele, na gh yake ilikwaruza kooni kama kh ya Khamis.

Kilichotokea ni kwamba kati ya takribani 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama, moja ikaisukuma nyingine, nyingine ikakosa pa kukaa. Na katikati ya mhamo huo, mwaka 1476, William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi wakati midomo bado iko safarini. Kwa hiyo mbishi wako mwambie kwa upole: wewe unasoma vizuri kabisa, ila unasoma matamshi ya marehemu.

Lakini si kila herufi bubu iliwahi kuwa hai. B ya "debt" haikutamkwa hata siku moja. Neno lilitoka Kifaransa likiwa halina b, wasomi wakaipachika baadaye ili watu wakumbuke Kilatini, "debitum". "Doubt" nayo ilipachikwa vivyo hivyo. "Island" ilipewa s kwa kudhaniwa ni ndugu wa "isle", wakati hawana hata ukoo. "Receipt" ikavishwa p ya Kilatini, na "deceit", iliyotoka bomba lilelile, ikaachwa bila p. Mwenye duka wa Kariakoo anayeandika "risiti" ameandika kwa akili kuliko wao.

Sasa, herufi bubu unaikumbukaje? Mtafute ndugu wa neno. Mara nyingi herufi iliyolala kwenye neno moja huamka kwa nduguye. G ya "sign" hailii, lakini kwenye "signature" inalia. B ya "bomb" imelala, kwenye "bombard" imeamka. N ya "autumn" inasikika kwenye "autumnal", c ya "muscle" kwenye "muscular". Ukikutana na neno lenye herufi ya ajabu, tafuta nduguye kwenye kamusi, uyaandike pamoja kwenye daftari. Ni msaada wa tahajia pia: hutasahau tena g ya "sign" ukishaijua saini ndefu.

Kwa "ough" sina msaada. "Though" ni dhou, "through" ni thruu, "cough" ni kof, "rough" ni raf, "bough" ni bau, na "thorough" Uingereza ni tha-ra. Hazina ndugu wala kanuni, kariri moja moja ukiwa na chai yako.

Na ukifika hapo lazima atatokea mjuaji wa kukuandikia "ghoti" ubaoni akuambie isomwe "fish": gh ya "rough", o ya "women", ti ya "nation". Ataongeza kwamba ni kichekesho cha Bernard Shaw. Mpe sifa zake, kisha mweleze kwamba kichekesho hicho kipo kwenye barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa 1856. Shaw alisingiziwa kwa sababu aliichukia sana tahajia ya Kiingereza, kiasi kwamba kwenye wosia wake aliacha fedha za kutengenezea alfabeti mpya. Zaidi ya hapo, "ghoti" haiwezi kusomwa "fish" hata ukilazimisha: gh haiwi f mwanzoni mwa neno, na ti haiwi sh mwishoni. Hata fujo ya Kiingereza ina mipaka yake.

Majina

Mashabiki wa Ligi Kuu ya Uingereza mnajua zaidi ya mnavyodhani. Leicester City walipobeba ubingwa mwaka 2016, kila kibanda umiza kilijifunza kwamba ni LES-ta, herufi nyingine zimekaa benchi. Kwa mtindo huohuo Gloucester ni GLOS-ta, Worcester ni WUS-ta. Tottenham ni TOT-nam. Norwich haitamkwi w yake, West Bromwich nayo haitamkwi, Greenwich ya saa za dunia ni GRE-nich. Ukishafurahi kwamba umepata kanuni, wanakuja Ipswich, na w yao inatamkwa wazi. Msimamo wangu kwa majina ni mmoja: usijenge kanuni, msikilize mtu wa pale. Newcastle yenyewe watu wa kusini huweka mkazo mwanzoni, wenyeji wengi huuweka kwenye "castle". Fuata wenyeji.

Wamarekani waliwahi kulipeleka jambo hili bungeni. Jimbo la Arkansas lilikuwa na watu wa AA-kan-soo na watu wa a-KAN-zas, na mwaka 1881 bunge la jimbo likapitisha azimio kwamba ni AA-kan-soo, s ya mwisho isitamkwe. Jimbo la Kansas likaendelea na s yake bila shida. Na mji wa Houston kule Texas ni HYUS-tan, ilhali mtaa wa Houston pale New York ni HAUS-tan, maana umepewa jina la mtu mwingine.

Ushahidi mwingine umo kinywani mwako mwenyewe. Tunasema dabi ya Kariakoo kwa sababu Waingereza hutamka "derby" kwa a. Mmarekani anaposema Kentucky Derby hutumia sauti nyingine kabisa. Lakini jeshini tuna Luteni, wakati Mwingereza huitamka "lieutenant" kama lef-TE-nant, f ikitokea kusikojulikana na jicho. Na "colonel", ambayo sisi tunaiita Kanali bila taabu, kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na "kernel", punje ya mahindi: Kiingereza kilichukua tahajia yenye l ya Waitaliano na matamshi yenye r ya Wafaransa. Luteni Kanali, kwa hiyo, ni cheo ambacho Mswahili anakisoma vizuri kuliko mwenye lugha yake.

Jina la Kenya nalo lilibishaniwa. Walowezi walikuwa wakisema KII-nya. Baada ya uhuru wa 1963 KE-nya ndiyo ikashika, na leo wa kusema KII-nya ni wazee wachache wa Uingereza. Mgeni akilitamka hivyo mbele ya Mkenya, wewe badilisha mazungumzo haraka, mwonyeshe twiga.

Hapo huwa naulizwa kuhusu GIF, zile picha zinazochezacheza kwenye simu. Steve Wilhite, aliyeongoza kuziunda mwaka 1987 akiwa kampuni ya CompuServe, alisema ni JIF, na alipopewa tuzo ya Webby mwaka 2013 hotuba yake yote ilikuwa ni kulisema hilo. Watu wengi wameendelea na g ya "gift" kana kwamba hakusema. Kamusi zimepokea yote mawili. Kwangu mimi jina la mtu na la mji lina mwenyewe. Jina la kifaa likishatoka mkononi mwa aliyekitengeneza ni la soko zima. Sema upendavyo, ila usimvurugie mwenzio chakula kwa hilo.

Ugomvi unaostahili jasho

Yote hayo ni burudani. Kinachomfanya mgeni akukunjie uso asielewe ni mambo mengine, na la kwanza ni mkazo. Sisi mkazo wetu unajulikana ulipo: silabi ya pili kutoka mwisho, m-wa-LI-mu, ki-TA-bu, umemaliza. Kiingereza huuweka kinapotaka. "Comfortable" ni KAMF-ta-bl, mkazo mwanzoni, na o ya katikati imeliwa. Ukisema kom-fo-TE-bo mgeni atatazama kiti akidhani kina tatizo. "Vegetable" ni VEJ-ta-bl. Tena mkazo hubadili maana: "record" mkazo ukiwa mbele ni rekodi, ukiwa nyuma ni kurekodi, "present" mbele ni zawadi, nyuma ni kuwasilisha. "Desert" mkazo mbele ni jangwa. Mkazo nyuma, ni kutoroka, na husikika sawa na "dessert", kitindamlo. Ukitaka kuwakaribisha wageni kitindamlo pale loji, mkazo uende nyuma, la sivyo umewakaribisha jangwa.

Zoezi langu ni la mpira ule wa kufungia noti. Ushike kwa vidole gumba viwili, tamka neno polepole, na kwenye silabi yenye mkazo uvute mpira. Silabi nyingine zote mpira umelegea. Maneno machache kila asubuhi kabla ya kuwasha gari yanatosha.

La pili ni urefu wa irabu. Nitataja "sheet" na "beach" tu. Kamusi imeweka ː kwenye yote mawili. Ukiyakata mafupi unajua mwenyewe yanageuka kuwa nini, na mbele ya familia ya watu haifai.

La tatu ni th, na hapa mtu wa Pwani ana mtaji. Th ya "three" ni ya thelathini, th ya "this" ni dh ya dhahabu. Kiingereza kinaziandika kwa herufi zilezile, sisi tumezitenganisha. Kwa hiyo chukua penseli, na juu ya kila th kwenye ukurasa andika th au dh: "thin" th, "then" dh, "breath" th, "breathe" dh. Anayesema selasini na zahabu aanze na Kiswahili chake kwanza, Kiingereza kitafuata chenyewe.

Lafudhi yako ya Kichaga, ya Kisukuma au ya Kitanga iache ilivyo. Wakenya wana neno "kushrub" la kumcheka mtu ambaye lugha ya nyumbani inasikika ndani ya Kiingereza chake, na sipendi vile linavyowaziba watu midomo. Anayeeleweka amefika. Ukiona lazima umsahihishe mwenzio, usimkatize. Jibu hoja yake, na ndani ya jibu lako litumie lile neno kwa matamshi yaliyo sawa, polepole. Mwenye masikio atalichukua. Mbele ya wageni usimsahihishe kabisa, subiri mkishazima gari.

Zamu ya mgeni

Kwa kuwa majina ni ya wenyeji, nawe una haki ya kumfundisha mgeni Ngorongoro. Atasema Goro-goro, au ataanza na "en" kama anaita herufi. Mwambie atamke "finger", arudie, kisha aishike ile ng ya katikati na kuiacha fi nje. Hiyo ndiyo ng ya ngoma na ya Ngorongoro. Akishaiweza mpandishe kwenye ng'ombe: sasa atamke "singer", ambayo kwa Waingereza wengi haina g ndani yake, na kipande cha katikati ndicho ng' yetu. Atashtuka kugundua kwamba "finger" na "singer" zinaandikwa pacha na hazifanani, na kwamba Kiswahili kimemaliza jambo hilo kwa alama moja ndogo ya juu.

Akiwa ni mtu wa Manchester au Birmingham utakwama, kwa sababu wengi wa huko husema "singer" na g yake kamili, kama "finger". Huyo usihangaike naye kwa mifano. Mwonyeshe mdomo wako, useme naye aseme. Barabara ya Karatu ina ng'ombe wa kutosha kumfanyisha mazoezi mpaka mfike getini.